Siri ya Mawe ni Siri ya Nani?

Mhadhara kwa wazee, walimu na wanafunzi wa Hulugho, Kaunti ya Garissa



Wazee wetu, walimu wenzangu, kina mama, na nyinyi wanafunzi mliokaa sakafuni kwa kuwa viti vimekwenda kwa wakubwa: nawashukuru kwa kunialika. Nimeombwa nizungumzie kisiwa cha mbali chenye mawe ya ajabu. Ombi nimelikubali, ila nitalitimiza kwa njia yangu. Nitawapeleka kwenye visiwa viwili. Kimoja kiko katikati ya Bahari ya Pasifiki, na huenda hakuna hata mmoja wetu atakayekifikia. Cha pili kiko Lamu, na kwa mstari ulionyooka kiko karibu nasi kuliko Nairobi. Kisha nitawarudisha bara, kwenye mawe ya wafugaji kama sisi, maana huko ndiko ninakotaka kufika.

Hoja yangu naitanguliza ili mwenye ng'ombe wa kunywesha aondoke nayo mapema. Mara nyingi jiwe huitwa la ajabu kwa sababu aliyelijua aliondolewa, au yupo lakini hakuulizwa.

Najua kuna mzee anayejiuliza: sisi Waislamu tuna haja gani na masanamu? Swali lake ni la haki. Sikuja kuyatukuza. Lakini dini yetu imetuhimiza tutembee katika ardhi na tutazame walifikia wapi waliotutangulia. Kutazama ndiko nilikokujia.

Kisiwa cha Pasifiki

Wenyewe hukiita Rapa Nui. Wazungu walikiita Kisiwa cha Pasaka, kwa kuwa nahodha Mholanzi, Jacob Roggeveen, alikiona siku ya Pasaka, tarehe 5 Aprili 1722. Ni kisiwa kidogo, kilomita za mraba 163 hivi, na kutoka hapo hadi pwani ya Chile, nchi inayokitawala, ni takriban kilomita 3,500 za maji matupu.

Juu ya kisiwa hicho pana sanamu za mawe karibu 900, ziitwazo moai. Nyingi zilichongwa kwenye mlima mmoja wa volkano, Rano Raraku, na karibu 400 ziko huko huko mpaka leo: nyingine zimekamilika, nyingine zimechongwa uso tu na mgongo bado umeshikana na mwamba. Moja ambayo haikumalizwa ina urefu wa mita 21 hivi. Zilizosafirishwa zilisimamishwa juu ya majukwaa ya mawe kandokando ya pwani, na karibu zote zimeipa bahari mgongo. Nyuso zao zinatazama vijiji. Hilo peke yake linatosha kumwambia mtu makini zilikuwa za nini: ni wazee waliokufa, wamesimamishwa wawaangalie watoto wao.

Lakini dunia haikuridhika na jibu jepesi kama hilo. Mawe ya tani nyingi, kisiwa kisicho na ng'ombe wala gurudumu, watu wachache: iliwezekanaje? Mwandishi Erich von Däniken, ambaye vitabu vyake viliuzwa kwa mamilioni, alidai kwamba viumbe kutoka sayari nyingine walihusika. Wenyeji walipoulizwa sanamu zilifikaje pwani, walijibu kwamba zilitembea. Wageni wakacheka.

Mwaka 2012 watafiti wawili wa Marekani, Terry Hunt na Carl Lipo, walitangaza matokeo ya jaribio lao. Walitengeneza nakala ya sanamu yenye uzito wa tani tano hivi, wakaifunga kamba tatu na kuwapa watu 18. Kundi moja lilivuta kushoto, jingine kulia, na la tatu likashika nyuma ili isianguke kifudifudi. Sanamu ikayumba upande huu, ikayumba upande ule, ikaenda mbele hatua kwa hatua, mamia ya mita. Kabla yao, mwaka 1986, mhandisi kutoka Chekoslovakia aitwaye Pavel Pavel alikuwa ameonyesha jambo la namna hiyo kisiwani kwenyewe. Kwa hiyo wenyeji hawakusema hadithi ya watoto. Walisema walichorithi, na ni msikilizaji aliyekosa masikio.

Basi tuulize: kwa nini wenyeji hawakuwa na maelezo marefu zaidi ya hayo? Mbona hawakuweza kutaja fundi gani alichonga ipi, na kwa ajili ya mzee yupi? Jibu liko mwaka 1862. Mwaka huo meli za watekaji kutoka Peru zilifika na kuanza kukamata watu wakafanye kazi za kitumwa. Katika muda mfupi walichukuliwa watu wapatao 1,500, wakiwemo viongozi na wajuzi waliojua kusoma maandishi ya kisiwa hicho yaitwayo rongorongo. Watekaji walipolazimishwa kuwarudisha, wengi walikuwa wamekwisha kufa, na wachache waliorudi walileta ndui. Kufikia mwaka 1877 kisiwa kizima kilibakiwa na watu 111.

Mia moja na kumi na mmoja, wanafunzi wangu. Huenda nyinyi mlio humu ndani mmewazidi. Jamii ikipunguzwa hadi hapo, usiwalaumu waliosalia kwamba hawakumbuki kila kitu. Na anayesimama leo mbele ya sanamu hizo akasema «siri kubwa ya kale», ajue kwamba sehemu kubwa ya siri hiyo ilitengenezwa kwa pingu katika karne ya 19.

Wizi haukuishia kwa watu. Mwaka 1868 mabaharia wa meli ya kivita ya Uingereza, HMS Topaze, walichukua sanamu moja iitwayo Hoa Hakananai'a. Mpaka sasa iko London, katika Jumba la Makumbusho la Uingereza. Mwaka 2018 ujumbe wa Rapa Nui ulikwenda huko kuomba irudishwe. Wao hawakuizungumzia kama jiwe. Waliizungumzia kama jamaa yao.

Kisiwa cha Manda

Sasa turudi kwetu. Kwenda Lamu kwa gari kutoka hapa ni mzunguko: ushuke mpaka Garsen, upite Witu, ufike Mokowe, uache gari gatini na upande boti. Kisiwa cha Manda kiko mkabala na Lamu, na upande wake wa bahari kuu kuna magofu ya mji wa Takwa.

Kuingia Takwa kuna adabu yake. Kutoka Shela, kijiji cha kisiwa cha Lamu, chombo huvuka mlango wa bahari, kisha huingia kwenye mkondo mwembamba unaokaribia kukigawa kisiwa mapande mawili, mikoko imesimama kushoto na kulia. Nahodha huangalia maji kwanza. Yakiwa yamejaa, boti hupita. Yakianza kutoka, mashine huzimwa na upondo huchukua kazi. Yakishatoka, ni tope tupu, na mwenye haraka atavua viatu. Kwa hiyo mgeni hufika Takwa kwa saa ya bahari, na lazima aondoke kwa saa hiyo hiyo.

Ukishapanda nchi kavu unakutana na mibuyu minene, halafu ukuta wa mji. Ndani kuna mabaki ya nyumba za mawe ya matumbawe na chokaa, na milango ya nyumba hizo imeelekezwa kaskazini. Nyinyi mnajua sababu bila kuambiwa, maana hata hapa Hulugho tukisimama kuswali tunaelekea huko huko. Msikiti wa Ijumaa bado una kuta zake, na mihrabu inatambulika. Juu ya ukuta wa kibla imesimama nguzo ya mawe. Wenyeji husimulia kwamba hapo amezikwa mtu mwema.

Kilichoupa mji huu jina kubwa kiko nje ya ukuta: kaburi lenye nguzo ya mawe, refu kama mita sita, limezungushiwa kiambaza. Chokaa imebambuka sehemu nyingi, na unaona jinsi fundi alivyopanga mawe yasiyolingana ukubwa, madogo yakiziba mapengo ya makubwa. Maandishi yake ya Kiarabu yanataja mwaka 1094 wa Hijria, sawa na 1682 au 1683 Miladi. Haukupita muda mrefu baada ya hapo, mji ukahamwa. Zinatajwa sababu mbili: visima viliingia chumvi, na palikuwa na ugomvi na mji wa Pate. Mtu wa hapa kwetu Ijara hahitaji mwalimu wa kumweleza kwamba maji na ugomvi hutembea pamoja.

Makaburi ya nguzo yameenea pwani yote, kutoka Somalia hadi Tanzania. Yako Ishakani karibu na Kiunga, yako Ungwana, Mambrui, Malindi, Mnarani, Kunduchi na Kaole. Gedi kuna kaburi lenye tarehe ya mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399. Ukienda Arabuni au Uajemi huyakuti. Ni ubunifu wa pwani hii, uliofanywa na Waislamu wa pwani hii.

Hata hivyo kwa miaka mingi vitabu vilituambia vingine. Mwanaakiolojia Neville Chittick alipochimba mji wa kale wa Manda, kisiwa hicho hicho, miaka ya 1960 na 1970, alikuta ukuta wa bahari wa mawe makubwa mno na vyombo vingi kutoka Ghuba ya Uajemi. Akahitimisha kwamba mji ulianzishwa na wahamiaji kutoka huko. Lilikuwa wazo la wakati wake: kitu kizuri cha mawe Afrika lazima kiwe na baba kutoka nje. Kisha kati ya 1980 na 1988 mwanaakiolojia mwingine, Mark Horton, akachimba Shanga, kisiwa cha Pate. Chini ya msikiti wa mawe alikuta msikiti mwingine, na chini yake mwingine, mpaka akafikia kijisikiti cha miti na udongo cha karne ya 8. Mji ulianza kwa miti ya hapa na mikono ya hapa, ukakua mpaka ukawa wa mawe. Na miongoni mwa mifupa ya wanyama iliyochambuliwa Shanga imo ya ngamia. Ngamia hakuzaliwa kisiwani, wazee. Kuna mtu wa bara aliyempeleka.

Wala tusikimbilie upande wa pili tukasema hakuna mgeni aliyefika. Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha uchunguzi wa vinasaba vya watu 80 waliozikwa pwani kati ya mwaka 1250 na 1800. Kwa upande wa mama, asili yao karibu yote ni ya Afrika. Kwa upande wa baba, wengi wana damu ya Uajemi. Familia nyingi za pwani zilikuwa zikisema hivyo tangu zamani, na wasomi wakiziona zinajikweza. Hapa tena mwenyeji alikuwa na neno lake, na halikusikilizwa mpaka maabara ilipolitia muhuri.

Na je, Takwa ina siri? Muulize mtu wa Shela. Watu wa Shela wanasema asili yao ni Takwa, na kwa miaka mingi wamekuwa wakivuka maji kwenda kwenye kaburi hilo kuomba mvua. Mtalii anapiga picha «mji uliopotea», na wenye mji wako ng'ambo ya maji wanatia nanga mashua zao.

Sanamu zilizong'olewa

Kenya pia tuna sanamu za kweli, na kisa chake ni cha aibu. Kwa Wamijikenda, mzee wa chama cha Gohu akifariki husimamishiwa kigango, mti mgumu uliochongwa kwa umbo la mtu. Kikishasimamishwa hakiondolewi, hata familia ikihama; huachwa hapo mpaka kioze. Kuanzia miaka ya 1970 vigango viling'olewa usiku na kuuzwa kwa wafanyabiashara wa sanaa, vikaishia Marekani kwa mamia. Wanaanthropolojia Monica Udvardy na Linda Giles walivifuatilia kwa miaka. Mwaka 2007 viwili vilirejeshwa, na mwaka 2019 vikawasili vingine 30 vilivyotoka makumbusho ya Denver.

Tunaweza kutofautiana na imani iliyovisimamisha. Lakini wizi wa kaburi ni wizi wa kaburi. Huko vilikokwenda viliwekwa ukutani bila jina la marehemu, vikaitwa sanaa ya ajabu ya Afrika. Jina lilibaki Kilifi kwa wajukuu, na hakuna aliyepiga simu kuuliza.

Mawe ya wafugaji

Sasa nimefika kwetu. Watoto wetu wanakua wakiamini kwamba kujenga ni kazi ya watu wa mijini. Mfugaji yeye hupita tu, na upepo hufuta nyayo zake. Hayo si kweli, na ushahidi upo Turkana.

Magharibi ya Ziwa Turkana, mahali paitwapo Lothagam Kaskazini, kuna jukwaa la mawe lenye upana wa mita 30 hivi, na nguzo za mawe ya volkano zimesimamishwa juu yake. Timu iliyoongozwa na Elisabeth Hildebrand ilitangaza mwaka 2018 kwamba chini ya jukwaa hilo kuna makaburi ya watu wasiopungua 580 kwa makadirio. Walizikwa hapo katika muda wa karne kadhaa, kuanzia kama miaka 5,000 iliyopita. Walikuwa nani? Wafugaji wa mwanzo wa eneo hilo, wenye ng'ombe, mbuzi na kondoo. Mvua zilikuwa zinapungua na ziwa linarudi nyuma, na wao katikati ya taabu hiyo walikusanyika kujenga.

Kuna jambo jingine la kuzingatia hapo. Wanaume, wanawake, wazee na watoto wachanga walizikwa pamoja, na karibu kila mmoja na pambo lake: shanga za mawe ya rangi na za maganda ya mayai ya mbuni. Maiti mmoja alikuwa na pambo la kichwani la mamia ya meno ya panya wa jangwani. Hakuna dalili ya mfalme aliyewaamuru. Wataalamu walizoea kufundisha kwamba jengo kubwa ni kazi ya dola yenye mtawala na watwana. Wafugaji wa Turkana wamewalazimisha wafikiri upya: watu huru nao hujenga, wakiwa na sababu.

Na kaskazini mwetu, Wajir, El Wak na Buna, kuna visima vilivyochimbwa kupenya mwamba wa chokaa, na marundo ya mawe juu ya makaburi ya kale. Wazee wetu husema ni kazi ya Madanle, watu waliotangulia, na baadhi huongeza kwamba walikuwa majitu. Mimi sitacheka, kwa kuwa tumeona leo hasara ya kucheka. Nitauliza: visima vipi? Koo gani zilivikuta na zikavisafisha? Nani alipewa haki ya kunywesha kwanza, na kwa mkataba gani? Kila kisima kina majibu hayo, na majibu hayo yako vichwani mwa watu walio hai.

Lakini yako kwa muda tu. Rapa Nui walikatwa na watekaji. Sisi tumekatwa na mengine. Vita vya Shifta vya 1963 hadi 1967 viliwakusanya watu katika vijiji vya kulazimishwa na kuwaua ngamia kwa maelfu. Hali ya hatari iliendelea katika mkoa huu mpaka 1991. Ukame umewahamisha watu kutoka visima vya babu zao. Na hapa mpakani, karibu na msitu wa Boni, hofu imewafunga watu wasitembee walikokuwa wakitembea. Kijana aliyezaliwa kambini au mjini hawezi kuonyeshwa kaburi la babu wa babu yake kama njia haipitiki. Ndugu zetu Waaweer, ambao watu huwaita Waboni, wanaujua msitu ule mti kwa mti, na wao ni wachache. Nani amewauliza?

Tufanye nini

Nina maombi manne, na sihitaji wafadhili kwa hata moja.

Kwanza, walimu. Mwezi huu mpeni kila mwanafunzi kazi ya kukaa na mzee mmoja na kuandika habari za mahali pamoja: kisima, kaburi, laga au mti wa mikutano. Aandike jina la mahali, nani alikuwapo, kitu gani kilitokea na mzee alisikia kwa nani. Aandike kwa Kisomali kama ndivyo mzee anavyosema, kisha atafsiri. Mkusanye madaftari hayo yawekwe shuleni.

Pili, vijana wa ujenzi na madereva wa malori. Barabara zinakuja, na barabara hula mawe. Rundo la mawe mlilolikuta limepangwa msilipakie kwenye lori kabla ya kuuliza wazee. Sheria ya Makumbusho na Turathi za Taifa ya mwaka 2006 inamtaka mtu akivumbua kitu cha kale atoe taarifa kwa Makumbusho ya Taifa. Na anayechimba kaburi la kale akitafuta dhahabu atapata mifupa na dhambi.

Tatu, wazee. Msingoje kuulizwa na profesa. Semeni, na mnapotofautiana semeni kwamba mnatofautiana. Historia yenye matoleo mawili ni bora kuliko ukimya wenye toleo moja la mgeni.

Nne, wanafunzi. Mkijaaliwa kwenda Lamu, nendeni Takwa maji yakijaa. Mtakapofika kwenye ile nguzo ya mwaka 1094, msiishie kupiga picha. Vukeni mpaka Shela mkaulize ni kaburi la nani.

Mawe hayana siri, ndugu zangu. Wenye siri ni watu, na wengi wao wangali hai. Tuwaulize mwaka huu, si mwaka ujao.